Siku Karatasi Ilipokuwa Safi

Mmenisumbua, vijana wa kituo. Tangu siku ile ya kuniaga, mlipoketi nami mkanikatia keki ambayo daktari alishanikataza, kila mmoja wenu akipita anasema: Fundi, andika. Haya basi. Nimevaa miwani, nimefukuza wajukuu mezani, naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, kwa sababu nilipandishwa mara moja tu na hata mke wangu hakuona tofauti. Mshahara nao tuuache ulipolala. Nitaandika kazi, na ndani ya kazi kuna jambo moja ambalo sijawahi kuwaambia.

Nilikuja kituoni kama fundi wa magari. Kwetu ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na baba alikuwa na gereji ambayo kila gari la mkaa mjini lilipitia kabla ya kufa. Siku moja likaja gari la chuo, wakasema wana giya iliyokwama. Nikachukua jeki, grisi na nyundo, nikapanda nao mlimani hadi juu kabisa ya majumba ya Kiriri. Nilidhani naenda kuona lori. Nikakuta dishi la chuma lenye upana wa mita kumi na moja, linatazama mbinguni, limeota kutu kila mahali. Watu wa simu walikuwa wameliacha walipopata jipya, na chuo kikalichukua.

Aliyenipokea alikuwa Anselmi, mkuu wa kituo, mtu mwembamba mwenye koti la bluu na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amesoma ng'ambo na hakuwa mtu wa kucheka. Nikamuuliza, "Shefu, hii parabole inashika televisheni ya wapi?"

"Haishiki televisheni. Inasikiliza nyota."

Wallahi nilifikiri ananichezea kwa sababu mimi Mswahili wa Buyenzi. Nikaifungua giya, nikaiosha na mafuta ya taa, nikafunga. Dishi likageuka. Anselmi akaniangalia muda mrefu, akasema nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu ile, nikaendelea kurudi miaka thelathini na kitu.

Kuhusu nyota, nilichojua nilifundishwa naye, kwa maneno machache, nikiwa chini ya dishi na spana mdomoni. Nyota ikizeeka huvimba, ikawa jitu, na jitu hujizungusha polepole, mzunguko mmoja mwaka mzima au zaidi. Lakini kuna majitu machache yasiyotulia. Yamevimba kama mengine, ila yanajizungusha kwa siku chache tu, huenda kwa sababu kila moja lilimeza nyota ya pembeni yake. Mbio hizo zinaisokota sumaku ya nyota kama mtu anavyokamua shuka, mpaka mahali fulani inakatika, na hapo nyota inalipuka. Macho hayaoni kitu. Redio inasikia, usiku au mchana, jua halitudhuru. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wakitutumia orodha ya majitu hayo, sisi tunayalinda saa ambazo kwao yamezama.

Nyinyi leo mnabonyeza kitufe. Sisi tulikuwa na mpini. Mota ya dishi ilikuwa imekufa, na ile mpya haikufika kamwe, kwa hiyo mmoja alikaa nje akizungusha dishi kwa mkono: dakika moja kwenye nyota, dakika moja pembeni kwenye anga tupu, halafu nyota tena. Mwingine alikaa ndani mbele ya mashine ya karatasi, ambayo kalamu yake ya wino mwekundu ilichora mstari. Kama mstari unapanda dishi likiwa kwenye nyota na kushuka likiwa pembeni, unapata vidato kama ngazi, hiyo ni nyota. Kama unaruka wakati wote, hiyo ni dunia. Na kwa miezi na miezi tulipata mstari tu, umelala. Nilimuuliza Anselmi ni kazi gani hii ya kulinda kitu kisichokuja. Akasema hata hilo linaandikwa.

Mwenzangu kwenye mpini alikuwa Deo. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuja kwetu, mwandiko wake ukiuona unatamani kurudi shule. Alikaa Kinama, mitaa ya kaskazini, na mkewe, tuliyemwita Mama Bella kwa jina la binti yao. Deo alikuwa mchekeshaji. Aliniita Mswahili, mimi nikamwita Mwalimu, na kila Ramadhani alikula chakula chake mbele ya macho yangu taratibu, akisifu maharagwe, mpaka namtupia tambara la grisi. Nilimpenda yule mtu. Nasema sasa kwa sababu wakati ule hatukuwa tukiambiana mambo hayo.

Halafu vita vikaja. Mnaojua majina ya mitaa yetu mnajua nani alikuwa anaweza kupita wapi, sina haja ya kuwaandikia kabila la mtu. Anselmi hakuweza kukanyaga Kinama. Deo hakuweza kupita Ngagara. Mimi, kwa kuwa ni Mswahili, si wa upande wowote, nilipita kidogo kila mahali, nikisalimia sana na kutembea bila haraka. Kazi ilifanyika kuanzia asubuhi hadi alasiri, kisha kila mtu awahi kwake kabla ya saa ya kufungiwa. Nguzo za umeme ziliangushwa huko milimani, tukaishi kwa jenereta. Wino wa mashine ukaisha, nikachanganya wino wa shule na spiriti. Kalamu ilikuwa ikikohoa lakini iliandika.

Karatasi ndiyo ilichafuka. Mstari ulianza kuruka, mikwaruzo mifupi mifupi, sekunde mbili, sekunde tano, mingine imeshikana kama nywele za brashi. Anselmi alitafuta wiki mbili mpaka akapata. Zilikuwa redio za mkononi, zile za wenye bunduki. Walipoongea karibu na mji, maneno yao yaliingia kwenye waya mrefu unaotoka dishini hadi chumbani. Hatukusikia neno hata moja, tuliona mikwaruzo tu. Wa upande gani, karatasi haikusema. Anselmi akatengeneza filta, kisanduku cha shaba kinachojaa kiganjani, akakifunga kwenye waya, na mstari ukalala tena. Ila filta ilikula na sauti ya nyota kidogo, na ikipata joto mchana ilianza kuupeleka mstari pembeni.

Deo ndiye aliyeona lile jingine. Alichukua karatasi za zamani, zile chafu za kabla ya filta, akazikunjua sakafuni, akaniita.

"Mswahili, angalia. Hii siku, unaikumbuka?"

"Siku gani?"

"Ile mimi na Mama Bella tulikimbia tukalala kwenye mashamba ya mpunga. Angalia asubuyi yake."

Mikwaruzo mitupu kama brashi, kutoka saa mbili hadi saa sita. Akanionyesha siku nyingine, na nyingine. Kila mara risasi zilipolia mitaa ya kaskazini, karatasi ilikuwa imejaa mikwaruzo kwa muda wa saa tatu au nne kabla. Wenye bunduki, kabla hawajaingia mahali, wanaongea sana.

Tukampelekea Anselmi. Alisimama juu ya zile karatasi, mikono nyuma. Kesho yake tulimkuta amekwisha kuifungua filta mwenyewe, ameiweka kwenye rafu juu ya kitambaa cheupe.

"Shefu, karatasi itachafuka," nikamwambia.

"Ichafuke. Watu warudi kwao wazima."

Toka siku hiyo, Deo hakuteremka mlima bila kupita dirishani na kuuliza, "Karatasi inasema nini?" Nikisema chafu, analala kituoni juu ya magunia, au anawahi mapema kumtoa mkewe na mtoto na majirani wawili watatu. Nikisema safi, anaenda. Kule mtaani walianza kumwona kama mtu mwenye mizimu. Sisi watatu tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, jambo hili haliandikwi popote, hata kwenye daftari la kituo, maana siku wenye bunduki wakija kupekua na kukuta tunafuata maongezi yao, tumekwisha. Kwa hiyo filta ikitolewa au ikirudishwa hakuna aliyeandika, kinyume na kila kitu Anselmi alichotufundisha. La pili, anayeifunga filta kwa sababu yoyote ile, lazima apige kelele dirishani: "Nimeziba!" Na mwenziwe ajibu amesikia.

Tulienda hivyo zaidi ya mwaka. Naweza kuhesabu mara sita ambazo karatasi ilimbakiza Deo mlimani na ikawa kweli. Mara nyingine ilikuwa bure, wakaongea wee na wasiende popote, na Deo akanilaumu kwa mgongo unaomuuma.

Sasa ile siku. Jitu tulilokuwa tunalilinda tulikuwa nalo miaka miwili bila kuona lolote. Deo alikuwa na haraka kichwani toka asubuhi, Bella alikuwa na homa siku ya tatu, na Anselmi alikuwa amempatia vidonge vya malaria kutoka nyumbani kwake Kiriri. Deo alivifunga kwenye karatasi, akavitia mfuko wa shati, akaenda kwenye mpini. Mimi nikakaa ndani.

Saa nne na robo kalamu ikapanda kidato kimoja. Ikashuka. Ikapanda tena, juu zaidi. Nikafikiri ni jenereta. Nikatoka nikagusa jenereta, iko sawa. Niliporudi, kidato cha nne kilikuwa mara mbili ya cha kwanza. Nyota, pembeni. Nyota, pembeni. Ngazi ilikuwa inajijenga mbele ya macho yangu. Mtoto wa gereji wa Buyenzi, aliyeuliza televisheni! Nikamwita Anselmi kutoka ofisini. Akaja, akaangalia, akaketi kwenye kiti polepole kama mtu anayeogopa kukivunja, akasema kwa Kirundi, "Yampayinka," neno lao la mshangao, basi.

Halafu karibu saa tano ikaja mikwaruzo. Si mingi, mitatu, minne, halafu mitano. Ilikaa juu ya vidato vyangu kama uchafu wa inzi juu ya sukari. Anselmi alikuwa amerudi ofisini kutafuta namna ya kuwapigia simu wenzetu wa ng'ambo. Nikaitazama ile rafu. Dakika kumi tu, nikajiambia, kilele kipite safi. Nikachukua filta, nikaifunga kwa spana. Mstari ukatulia, ngazi ikatoka nzuri namna hiyo, na mimi nikawa nahesabu vidato kwa sauti, nikirekebisha wino, nikiandika saa.

Sikupiga kelele dirishani. Nimejiuliza miaka yote kama nilifikiri nimepiga. Sikufikiri. Sikuwa na habari na kitu kingine chochote duniani, na nilikuwa na furaha ambayo sijapata tena.

Dakika kumi zikawa saa moja, ikawa karibu saa mbili. Saa saba kasoro robo Deo akatokea dirishani, jasho linamtoka, viganja vimechubuka, anacheka.

"Iko inalipuka kweli?"

"Mwalimu, we njoo uone! Hii itatupeleka mbali!"

Akaingia, akaangalia, akanipiga bega. Akachukua kalamu akaandika saa pembeni ya mstari kwa ule mwandiko wake. Halafu akasema, "Bon, mutoto ananingoja. Karatasi inasema nini?"

Niliiangalia karatasi. Niliiangalia kabisa, sikumjibu ovyo. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja toka saa tano.

"Safi," nikasema. "Safi kabisa. Nenda."

Na yeye naye aliiangalia, akaona ni safi. Akaniambia nimwambie Anselmi ashike mpini, akateremka.

Anselmi alishika mpini, pamoja na miaka yake yote. Saa nane ilikuwa imepita kidogo tuliposikia. Kutoka kule juu unaona mji wote, na Kinama iko mbali, milio inafika imechelewa, kama mtu anapiga mlango wa jirani. Halafu moshi. Anselmi akaacha mpini, akaingia. "Wewe hukuona kitu?" Kabla sijafungua mdomo, macho yake yakaenda kwenye rafu. Kitambaa cheupe kilikuwa kitupu.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Akasema tu, "Fungua." Nikaifungua filta. Kalamu ikaruka ukingo hadi ukingo, ikajaa wekundu, brashi nene kuliko yoyote niliyowahi kuona.

Na mjue hili pia, kwa kuwa nimeamua kusema. Tulirudi kazini. Hatukuwa na gari, njia zilikuwa zimefungwa, hatukuwa na la kufanya, na nyota ilikuwa bado inashuka. Anselmi alirudi kwenye mpini, mimi nikarudishia filta, tukaimaliza hadi jitu lilipozama.

Deo alikutwa kesho yake, nyumba tatu kabla ya kwake. Vidonge vilikuwa mfukoni. Mama Bella alikuwa amekwisha kukimbia na mtoto toka saa tano asubuhi, majirani waliona watu wanasogea. Deo alikuwa anakimbilia nyumba isiyo na mtu. Nilimzika pamoja na wengine, nikasema maneno ya pole wanayosema watu, Innalillahi, ni kazi ya Mungu, na mjane wake akanishukuru kwa kuja, maana si wengi walioweza kupita.

Miezi baadaye ilikuja barua kutoka ng'ambo. Walikuwa wamelinganisha saa zetu na zao, mlipuko ule ulikuwa wa kweli na mkubwa, na kwa sehemu ya kilele sisi peke yetu ndio tulikuwa tukiangalia. Waliandika kwamba hawajawahi kupata kutoka kituo kidogo karatasi safi kiasi hicho. Anselmi alinisomea barua nzima bila kuinua macho. Akaikunja, akasema, "Mama Bella, utamwambia wewe." Nikasema ndiyo, shefu. Anselmi akastaafu, akafa, na mimi nilikuwa bado sijamwambia. Kila Idi nilimpelekea Bella kilo ya sukari na daftari za shule. Niliona ninafanya kitu.

Mji ulipoanza kupumua, watu wakarudi kupita mitaa, Mama Bella alipanda mlima. Alikuja peke yake, kwa miguu, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda ofisini. Alisema Bella ameuliza baba alikuwa akifanya kazi gani, naye hakujua la kumjibu. "Nionyeshe ile ya siku ya mwisho, Fundi. Kama iko."

Ilikuwako. Niliikunjua mezani. Nikamwonyesha vidato, nikamweleza nyota na pembeni, na mikono ya mumewe ndiyo iliyozungusha dishi kila kidato unachokiona. Akapitisha kidole juu yake, akicheka kidogo. Akafika kwenye mwandiko wa Deo, saa saba kasoro robo. Kidole kikasimama hapo.

"Alikufa saa ngapi?"

"Walisema karibu na saa nane."

"Saa nane ni wapi?"

Nikaweka kidole changu. Haikuwa mbali na mwandiko, urefu wa kiganja tu. Akainama akaangalia kwa karibu. Mstari ulipanda na kushuka, mwembamba, mzuri.

"Hapa apana kitu," akasema.

"Hapana kitu, Mama Bella. Nilikuwa nimeweka filta."

Nikamweleza yote. Rafu, kitambaa, spana, dirisha, neno nililotakiwa kulisema na sikulisema, na lile nililolisema. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, nikalia kama mtoto na yeye akiwa amesimama. Aliniacha nimalize.

"Kama ungeitoa, hapa pangekuwa namna gani?"

"Pote pangekuwa pekundu."

"Na yeye angebaki."

"Angebaki."

Jenereta iliendelea kunguruma huko nyuma. Hakunisamehe, wala sikumwomba. Alitoa mkasi mdogo kwenye mkoba wake, ule wa nyuzi, akaunyoosha kwangu.

"Kata hapo. Toka pale mukono wake uliandika mupaka hiyo saa nane. Unipe."

Nilikata. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia ndani ya Biblia yake, akateremka mlima, na tangu siku hiyo hakupokea tena sukari yangu.

Roli hiyo ya karatasi iko kabatini kwenu, namba mnaijua, ndiyo mnayowaonyesha wageni. Mmeandika kwenye daftari kwamba kipande chake kimechanika kwa uzee. Futeni hayo. Andikeni kwamba nilikikata mimi, na pale pembeni ya saa tano ya siku ile, ambapo hakuna aliyeandika kitu, andikeni kwa wino: filta ilikuwa ndani, Fundi hakusema.